Mwalimu Aliyekula Chaki

Nyumba ya Walimu Na. 4
7 Machi 1993

Dada mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado anapumua, bado anafundisha hesabu, na bado ana nywele chache za kutosha kuhesabika bila mashine. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na zile redio anazozifungua skrubu ili azitengeneze bila kuzifunga tena nazo hazijambo. Sisi hapa wazima. Binti yetu ameandika kutoka chuoni. Ukurasa wa kwanza ni salamu, wa pili ni viatu. Wifi yako anakusalimu sana.

Mwezi huu umetimia mwaka wa sita tangu mama atutoke. Nilitaka kuandika neno la maana juu ya hilo, lakini kila nikianza namsikia akiniambia nikae wima.

Kifurushi kimefika, ahsante. Chupa tatu nzima za vidonge vya mifupa! Kumbe habari za goti langu zimekufikia. Ilikuwa hivi: nilikuwa juu ya lile jukwaa la ubaoni, nawaonyesha kidato cha pili pembe ya nyuzi tisini kwa kutumia mguu wangu mwenyewe. Nikateleza, nikawaonyesha nyuzi mia na themanini. Hakuna aliyecheka, maana wananiogopa. Ila mmoja wa nyuma alikuwa anachora, na nilipokagua daftari lake nikajikuta humo, chali, kwa vipimo sahihi kabisa. Nimempa alama zote.

Jambo jingine, dogo, ni kiungulia. Tangu nianze kujipikia kifua kinawaka kama pasi. Namaanisha, wifi yako ana shughuli nyingi siku hizi, kwa hiyo nasaidia jikoni. Dawa nimeipata: vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye ladha ya mnanaa, na glasi ya maziwa juu yake. Vinatuliza hapo hapo. Mwenye duka la dawa akiniona navuka barabara anaweka boksi mezani kabla sijafika. Basi nina vyako vya goti na vyangu vya tumbo. Kuanzia shingoni hadi gotini nimeshughulikiwa.

Mdogo wako,
Desimali

(Ndiyo, wanafunzi bado wananiita hivyo, kwa sababu nakata nusu alama mtu akisahau nukta. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi naitika.)


Nyuma ya Kiwanda cha Chapa
30 Machi 1993

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Shemeji yako amefungua redio ya jirani, na sasa yeye na jirani wanasalimiana kwa kichwa tu. Kazini nasahihisha kitabu cha ufugaji wa nyuki. Habari za malkia nimezisoma mara tano, na bado mpangaji wa herufi anaandika "malikia". Kazi hii ya kusaka makosa ya watu inaharibu macho. Mtu unaanza kuyaona hata yasipoandikwa.

Unasema wifi yangu ananisalimu sana. Nimefurahi. Mwambie nami namsalimu, na umwambie kwa sauti kubwa, ili asikie vizuri.

Vidonge vya mifupa ni viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nakujua wewe, ukiambiwa kijiko unachukua upawa. Na hicho kiungulia usikifanyie mchezo, kamwone daktari.

Unapojipikia, unapika nini hasa?

Kama kuna jambo unataka kuniambia, kumbuka mimi ni dada yako, si mkaguzi wa shule.

Dada yako


Nyumba ya Walimu Na. 4
25 Aprili 1993

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa jirani asiye na redio, na kwa nyuki wote. Sisi tunaendelea. Wifi yako anakusalimu. Jana alinikorogea uji mzito, mzuri. Kuhusu napika nini, nimeona swali hilo linakosa heshima, nimelipita.

Mwili wangu, dada, umeamua kustaafu kabla yangu. Kwanza ni kiu. Kabla ya kipindi cha kwanza nimeshamaliza jagi zima, na ulimi bado mkavu kama dasta. Kisha maji yale yale yanadai njia. Natoka darasani mara tatu katika kipindi cha dakika arobaini. Kidato cha tatu wamenichorea grafu: mstari wa chini ni dakika, wa pembeni ni safari. Inapanda vizuri sana. Ile haja nyingine, kinyume chake, leo ni siku ya sita sijaiona, na sina fununu iliko.

Chakula kinanitia kichefuchefu, kwa hiyo nimepunguza chakula nikaongeza maziwa. Tumbo likinung'unika natafuna kidonge kimoja, au viwili, au tuseme sihesabu. Nani anahesabu njugu? Vile vyako vya mifupa nameza vinne. Ulisema viwili, lakini magoti pia ni mawili.

Jumanne niliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Darasa lilinyamaza. Siyo kwa woga, dada, kwa huruma. Msichana wa mbele akasema taratibu, "Labda mwalimu amesahau nukta." Miaka ishirini na tisa ninafundisha, na nimeanza kutetewa na watoto.

Alhamisi nilimfokea mwalimu wa jiografia kwa kosa la kupumua kwa sauti. Naona ni uzee tu. Nina miaka hamsini na nne, nimewahi kidogo. Ni mara ya kwanza nawahi kitu.

Mdogo wako,
Desimali


Nyuma ya Kiwanda cha Chapa
20 Mei 1993

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zilinizidi. Hapa hatujambo.

Mtu anayemaliza jagi la maji kabla ya saa mbili asubuhi haandiki barua za kuchekesha, anakwenda hospitali. Huenda ni kisukari. Nenda kesho. Wala usingoje Jumamosi, wala usijitibu kwa peremende.

Huo uji mzito aliokukorogea wifi yangu, ulikuwa na sukari au hauna? Nauliza tu.

Dada yako


31 Aprili

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na shemeji hajambo na redio hazijambo. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu. Yuko jikoni hapa, anakusalimu, ila nikimwita hageuki.

Kulikuwa na jambo nilitaka kukuandikia, limenitoka. Maji. Nakunywa maji sana.

Mkuu wa shule amenipa mapumziko. Anasema nimechoka. Sijachoka, ni miguu tu. Juzi niliingia darasani, kumbe ni stoo ya mipira, lakini nilishaanza kufundisha ikabidi nimalize.

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na shemeji hajambo. Wifi yako anakusalimu.

Msalimie mama. Mwambie goti linaendelea vizuri na nakaa wima.

Mdogo wako


Nyuma ya Kiwanda cha Chapa
3 Juni 1993

Mdogo wangu,

Barua hii umepewa mkononi. Kabla hujaendelea kusoma, mtazame aliyekupa.

Ndiyo, ni mke wako. Yuko kwangu tangu tarehe ishirini na moja Februari. Kila barua yako imefunguliwa kwenye meza yangu ya kulia, yeye akiwa kiti cha pili, na kila ulipoandika "wifi yako anakusalimu" nilimsomea, naye aliitikia, "Marahaba." Siku ya uji mzito tulicheka hadi shemeji yako akazima redio kuuliza kuna nini. Sikukwambia kwa sababu yeye alinikataza, na kwa sababu nilitaka wewe uwe wa kwanza kusema. Nikangoja. Wewe nawe ukaendelea kumkorogesha uji mtu ambaye yuko mbali na sufuria yako kwa safari ya siku nzima.

Na sababu ya kuondoka kwake ninaijua. Amesoma masomo ya jioni miaka miwili, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, anatoka kwenye cherehani yake anakwenda kukaa na vijana, ili afanye mtihani alioukosa akiwa msichana. Akakupa karatasi yake ya majaribio ya hesabu umsaidie. Wewe ukaisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzako waliokuja kula, kosa moja baada ya jingine, ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Wageni walicheka. Yeye alikuwa anawapakulia.

Lakini hayo tutayazungumza baadaye. Jana ilifika barua yako ya mwisho. Nilianza kuisoma kwa sauti kama kawaida, nikafika mahali pa mama, nikaishia hapo. Mke wako akaichukua mkononi mwangu, akatazama juu kabisa, kwenye tarehe. Akaweka kikombe chini.

"Huyu si yeye," akasema. "Hata akiwa na homa ya kufa, huyu bwana hawezi kuandika kwamba Aprili ina siku thelathini na moja."

Stempu ya posta inasema Mei ishirini na mbili. Leo alfajiri amefunga begi. Nimemwambia nitakwenda mimi. Amesema mimi sijui unapoficha vitu.

Mfuate popote atakapokupeleka. Usibishane naye. Usimchekeshe.

Dada yako


Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani
27 Juni 1993

Dada mpendwa,

Sijui nianzie wapi kukusalimu, kwa hiyo hujambo. Mimi ni hai. Mkono unaoandika ni wangu mwenyewe, tarehe hapo juu imehakikiwa na nesi.

Sehemu ya mwanzo sikuwapo, nilisimuliwa. Mke wangu alinikuta nimekaa kwenye sakafu ya jikoni, nimevaa sweta miguuni, nikijiuliza kwa nini suruali haina zipu. Alipiga kelele, mkuu wa shule akaja na gari la shule, nikapakiwa nyuma pamoja na magunia ya maharage ya bweni. Nasikia njia nzima niliyapigia mahudhurio.

Hospitalini walipima damu, wakaipima tena kwa kudhani mashine imeharibika. Kalsiamu ilikuwa juu kupita kiasi, na figo zilikuwa zinafanya kazi chini ya theluthi moja. Daktari wa figo hapa ni mama mwembamba anayeyabania maneno. Alimwita mke wangu pembeni akamwambia kwamba kalsiamu ikipanda hivyo kwa mtu wa umri wangu, jambo la kwanza wanaloliwazia ni saratani, na wataanza kuitafuta. Siku tatu, dada, mke wangu alitembea na neno hilo peke yake. Mimi siku hizo hizo nilikuwa namkata nesi nusu alama kwa kuning'iniza dripu upande.

Siku ya tatu akaenda nyumbani kunichukulia nguo. Ulimsikia akisema anajua ninapoficha vitu. Alirudi na mfuko wa nailoni, akaumwaga juu ya meza ya daktari: maganda ya vidonge vya kiungulia. Yalitoka kwenye mifuko ya suruali, kwenye saraka ya meza, ndani ya viatu vya mazishi, na mengine kwenye kiboksi cha bikari. Na chupa zako tatu, mbili tupu.

Siku hiyo nilikuwa nimeanza kupata akili, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe. Daktari aliyatazama maganda, akanitazama mimi.

"Vingapi kwa siku?"

"Vinne," nikasema. "Vitano siku mbaya."

"Mwalimu," akasema, "mimi sitaki makadirio."

Mke wangu alikuwa ameshahesabu. Akatoa kijitabu chake cha vipimo vya nguo, akamsomea: maganda kadhaa, kila ganda vidonge kadhaa, gawanya kwa siku tangu Machi. Ishirini na tatu kwa siku, bila vile vya mifupa, bila maziwa. Hesabu ilikuwa sahihi. Niliirudia kichwani mara mbili nikitafuta kosa, Mungu anisamehe.

Daktari akaketi kwa mara ya kwanza. Akasema, "Basi si saratani. Hivi vidonge vyeupe unajua vimetengenezwa na nini? Chaki. Chaki iliyosafishwa, kalsiamu tupu, ikatiwa mnanaa."

Miaka ishirini na tisa nimewasimamisha watoto kwenye kona kwa kosa la kutafuna chaki. Kumbe mimi nilikuwa nakula ubao mzima kwa juma.

Alinieleza kwa maneno yake machache. Kalsiamu ikizidi, figo zinamwaga maji, ndiyo ile grafu. Maji yakimwagika mwili unakauka, na mwili uliokauka unazidi kuishikilia kalsiamu. Chaki hiyo, kwa kuwa inaua asidi, nayo inaiharibia damu mizani yake, na vile vyako vya mifupa vilikuwa na vitamini inayofungua mlango wa utumbo ili kalsiamu iingie kwa wingi. Mzunguko tu, kila kitu kikisukuma kingine. Si tumbo na figo tu vilivyoathirika. Kichwa nacho, na hasira, na choo, vyote ni mti mmoja. Zamani, anasema, madaktari wenyewe walikuwa wanawaletea watu ugonjwa huu kwa kuwanywesha maziwa na magadi kutibu vidonda vya tumbo. Siku hizi hauonekani mara nyingi, na ndiyo maana kila asubuhi naletewa madaktari wanafunzi wanane wanitazame. Nimekuwa mfano ubaoni.

Tiba yenyewe inatia aibu kwa urahisi wake: maji ya chumvi kwenye mshipa, chupa baada ya chupa, na kuniondolea peremende zangu. Kalsiamu imeshuka. Figo zimepanda, lakini daktari hataki kuniahidi kwamba zitarudi zote. Kesho natoka.

Mke wangu amekaa hapa siku zote ishirini na mbili. Ananilisha, ananifulia, anazungumza nami kama karani wa posta. Nimemwambia kwamba sasa tunajua kila kitu, kwamba haikuwa mimi, ilikuwa kalsiamu. Alikunja taulo.

Mdogo wako,
Desimali


Nyuma ya Kiwanda cha Chapa
15 Julai 1993

Mdogo wangu,

Tumepata barua yako, na mke wako amefika salama tarehe nne. Shemeji yako amefurahi sana kwamba u hai, amekutengenezea redio. Usiiwashe.

Nina mawili ya kusema. La kwanza ni langu.

Vile vidonge vya mifupa niliandikiwa mimi na daktari wangu. Vilinikosesha choo. Sikutaka kuvitupa, nikakumbuka goti lako, nikajiita mkarimu. Nilikutumia takataka zangu kwa stempu. Halafu ile barua yako ya Aprili, ya jagi na grafu, ilinifikia tarehe tano Mei. Niliiweka kwenye kabati la vyombo siku kumi na tano. Hakukuwa na kazi yoyote iliyonizidi. Nilikuwa nimekasirishwa na ule uji, nikasema acha naye angoje, akonde kidogo. Mimi ninayelipwa kuona kosa kwenye herufi moja, nilisoma ukurasa mzima wa mtu anayekufa nikaona uongo wa uji peke yake. Nimemwambia mke wako. Amesema naye alicheka siku ile, kwa hiyo tugawane. Sijisikii vizuri hata baada ya kugawana.

La pili ni lako. Unasema haikuwa wewe, ilikuwa kalsiamu. Nimemwuliza yeye, akaniambia niandike hivi: kiungulia kilianza Machi, baada ya yeye kuondoka, ulipoanza kujipikia. Karatasi yake uliisoma Februari. Siku hiyo damu yako ilikuwa safi kama maji ya mvua. Mwalimu wa jiografia ukamwombe radhi kwa jina la kalsiamu, hiyo ni haki. Kwake yeye huna cheti cha daktari.

Na mimi naongeza langu, kwa kuwa nimekubeba mgongoni nikiwa na miaka saba na nina ruhusa. Wewe unajicheka haraka sana. Mtu anafungua mdomo akuambie umemwumiza, anakukuta umeshajiita mjinga, mzee, kipara, anabaki hana pa kuweka maneno yake. Anacheka, anakwenda nayo nyumbani. Barua yako ya hospitali imenivunja mbavu, na nilipoimaliza nikagundua kwamba hakuna mahali umeandika kwamba uliogopa.

Mtihani wake ni tarehe ishirini na sita mwezi huu. Usimwandikie kabla ya hapo. Usimtumie mifano ya maswali. Usimtumie kitu chochote chenye namba.

Dada yako


Nyumba ya Walimu Na. 4
12 Septemba 1993

Dada mpendwa,

Salamu kwako na kwa shemeji. Redio haijawashwa. Mimi sijambo, napika maharage, nayaacha yaive, kiungulia kimepungua. Nakunywa maji ya kawaida. Nimemwomba radhi mwalimu wa jiografia. Amenisamehe na bado anapumua kwa sauti.

Mengi ya kwetu unayajua kabla yangu, kwa sababu anakaa nyumbani kwako. Matokeo yake uliyaona wewe kwanza. Mimi nilitumiwa mstari mmoja: "Nimefaulu. Jumatatu ya tarehe sita nitakuwa kliniki yako ya figo, daktari aliniomba nije." Kama daktari alimwomba kweli au hakumwomba, sikuuliza. Najua atakuwa amekusimulia, lakini nataka upate na ya upande wangu.

Nilifika mapema, nikakaa kwenye lile benchi refu la mbao lililobanduka rangi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na vichekesho vinne, nilivihesabu njiani. Alikuja na gauni la bluu alilojishonea kwa ajili ya mtihani, akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Akaja bwana mmoja mwenye fimbo akataka kukaa hapo, akamwambia, "Pana mtu."

Tulitazama ukuta. Nikasema, "Niliogopa."

"Lini?"

"Hapa hospitali. Na kabla yake. Nilipoona siwezi saba mara nane, nilifikiri akili yangu inakwenda na hatakuwepo hata mtu wa kuniambia imekwenda. Ndiyo maana nikawa naandika kwamba upo."

Nikaendelea. Nikamwambia kwamba siku ile nilipoichukua karatasi yake niliona amepatia maswali kumi na manne kati ya ishirini, peke yake, baada ya kutwa nzima kwenye cherehani. Nikaona kwamba akiendelea hivyo hatanihitaji, na nikaona wenzangu wamekaa pale wakiwa tayari kucheka. Nikawapa wacheke. Yale kumi na manne sikuyasoma hata moja.

"Uliyaona?" akauliza.

"Niliyaona yote."

Akashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mimi nilidhani hukuyaona," akasema. "Miezi saba nimekuwa nikijiambia kwamba labda hukuyaona."

Ningeweza kusema hapo kwamba miwani yangu ni mibovu. Nilikuwa nayo hiyo, ilikuwa kichekesho cha tatu. Nikakaa kimya. Ni kazi ngumu, dada, huwezi kuamini. Niliuma shavu kwa ndani.

"Hakuna mzaha leo?" akasema.

"Upo. Nimeuzuia."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Kisha akaniambia mambo yake, waziwazi. Kwamba ameomba kazi ya karani wa stoo hapo kiwandani kwako na ameipata. Kwamba ataifanya hadi mwisho wa mwaka, na Januari ataamua. Kwamba mwisho wa kila mwezi atakuja kunitazama, na hatapika. Nikasema sawa.

Nesi akatoka mlangoni na faili yangu. Matokeo ya damu yalikuwa humo, nayo nayaandika hapa usije ukayaona wewe mwenyewe mahali pasipoandikwa: figo zimesimama kwenye asilimia sitini hivi, na daktari anadhani hapo ndipo zitakapokaa. Arobaini nimezila mimi. Lakini hayo bado sikuyajua. Nesi aliita jina langu, akatazama benchi zima, akauliza, "Nani anaingia na mgonjwa?"

Nilitazama sakafu. Sikumjibu nesi, wala sikumtazama yeye, nikihofia uso wangu ungemwomba.

Akasimama, akanyoosha gauni lake, akaingia kabla yangu.

Mdogo wako